Metformini ya kuachia polepole: tathmini ya dereva wa basi

Mimi ni dereva wa basi la masafa marefu. Nina miaka 52, na kisukari cha aina ya pili ninacho tangu nikiwa na 47. Ninachotathmini hapa ni kidonge kimoja: metformini ya kuachia polepole ya miligramu 500, ile ambayo boksi lake huandikwa XR, au ER, au SR, kila kiwanda na herufi zake. Nimeimeza miaka minne sasa. Lakini siwezi kuieleza bila kuanza na ile iliyoitangulia, metformini ya kawaida, na madhara niliyojiletea mwenyewe kwa sababu ya aibu.

Basi langu halina choo. Safari ni ya saa tisa, na kuchimba dawa ni mara mbili njiani, si zaidi. Anayefanya kazi ya kukaa sehemu moja na watu wanakutegemea, awe mwalimu, mlinzi au fundi aliye juu ya ngazi, anajua tumbo linaloharisha lina maana gani kazini.

Daktari alinianzishia metformini ya kawaida, miligramu 500 asubuhi na 500 jioni. Baada ya wiki mbili tukapanda hadi 1000 mara mbili kwa siku. Aliniambia nimeze pamoja na chakula. Mimi nashika usukani saa 11 alfajiri, na saa hiyo chakula hakipiti. Nikawa nameza kidonge kwa maji matupu naondoka. Siku ya nne baada ya dozi kupandishwa, tumbo lilinguruma kabla hata hatujamaliza saa moja barabarani. Nilisimamisha basi mara tatu siku ile. Abiria mmoja alilalamika kwa sauti, na konda wangu akamjibu kwamba gari lina hitilafu ndogo. Alinisitiri kijana yule, na sijasahau.

Siku zilizofuata hazikuwa tofauti. Kichefuchefu asubuhi, gesi mchana, ladha ya chuma mdomoni kama nimelamba sarafu. Uzito ulipungua kilo nne kwa mwezi na nusu, wala si kwa njia ninayoweza kuisifia.

Nilipokwenda kliniki daktari akaniuliza, "Baba, dawa unaionaje?" Nikamjibu naendelea vizuri. Daktari wangu ni binti wa rika la mwanangu wa kwanza, ananiita baba kwa heshima zote, na ulimi wangu ulikataa kabisa kumtamkia neno kuharisha. Nikatoka, nikajipangia dozi yangu: siku za safari simezi, siku za mapumziko nameza. Safari zangu zilikuwa siku nne kwa wiki. Zaidi ya nusu ya dawa ikawa inalala kwenye boksi.

Miezi minne baadaye tulipima HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, na ikasoma asilimia 9.6. Daktari akatazama karatasi. Mgonjwa yuko kwenye miligramu 2000 kwa siku, halalamiki, na sukari bado iko juu. Kwa alichokijua yeye, metformini peke yake ilikuwa imeshindwa. Akaniongezea glibenklamidi miligramu 5 kila asubuhi. Simlaumu hata kidogo. Nilimpa hesabu ya uongo, naye akaipigia jibu sahihi.

Glibenklamidi ni dawa ya zamani, inajulikana, na imewasaidia wengi. Lakini kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, na husukuma uwe umekula au hujala. Mimi nilishajizoesha kutokula siku za safari ili tumbo lisinisumbue. Unaona zinavyokutana.

Ilikuwa wiki ya tatu. Kama saa 5 asubuhi jasho likaanza kunitoka shingoni ilhali dirisha lilikuwa wazi na upepo unaingia. Mikono ikatetemeka kwenye usukani. Niliona mstari wa katikati ya barabara umekuwa miwili. Konda akaja mbele akaniinamia: "Mzee, mbona tumepita kituo na kuna watu wanashuka?" Sikukumbuka kupita kituo chochote. Nashukuru Mungu kwamba bado nilikuwa na akili ya kukanyaga breki, kuegesha pembeni na kuwasha taa za hatari. Kijana akaninunulia soda kwa mama aliyekuwa amekaa kiti cha nne, chupa tayari amekwishaifungua. Mashine yangu ya kupimia ilikuwa kwenye begi. Ilisoma 2.9 mmol/L. Chini ya 3.9 tayari ni sukari iliyoshuka. Chini ya 3 ni hatari. Nyuma yangu walikuwa wameketi watu 51.

Kampuni ilituma dereva mwingine. Mimi nilikaa kiti cha abiria safari yote iliyobaki, nikiwa mzima kabisa baada ya nusu saa, nikitazama migongo ya watu ambao nusura niwaue kwa sababu sikutaka kusema neno moja mbele ya binti.

Kesho yake nilimweleza daktari kila kitu. Vidonge nilivyoruka, siku nisizokula, tumbo, soda, 2.9. Hakunifokea. Aliweka kalamu chini akauliza, "Baba, kwa nini hukuniambia?" Halafu akasema jambo ambalo ndilo lililonileta kwenye kidonge hiki: kwamba tumbo kuharibika kwa metformini ni jambo analolisikia kila wiki, na kwamba kabla ya kuhesabu dawa imekukataa, unaangalia kwanza umeanza kwa kasi gani, umeimeza saa ngapi, na ni ya aina gani. Glibenklamidi akaifuta palepale. Kwa mtu anayeendesha gari, alisema, dawa inayoweza kushusha sukari namna ile ndiyo ya kukimbiliwa mwishoni, si mwanzoni. Na akanipa sheria ambayo naifuata hadi leo: sukari ikishuka njiani, egesha, kunywa kitu chenye gramu 15 za sukari, subiri dakika 15, pima tena, na hata ikirudi sawa usiguse usukani kabla dakika 45 hazijapita, kwa sababu ubongo huchelewa kurudi.

Sasa kidonge chenyewe.

Dawa iliyomo ni ileile. Kinachobadilika ni jinsi kidonge kilivyotengenezwa. Metformini ya kawaida huyeyuka mara moja, na kiwango chake kwenye damu hufika kileleni baada ya saa mbili hadi tatu. Ya kuachia polepole ikilowa tumboni huvimba na kuwa kama uji mzito wa jeli, na dawa huchuja kutoka humo kidogokidogo. Kilele chake huja kama saa saba baadaye. Ndiyo maana humezwa mara moja kwa siku, pamoja na chakula cha jioni. Kwangu mimi maana yake ni kwamba kazi kubwa inafanyika nikiwa nimelala nyumbani, choo kikiwa hatua kumi kutoka kitandani.

Nilianza na kidonge kimoja jioni kwa wiki nzima. Wiki ya pili viwili. Wiki ya tatu tumbo likanguruma kidogo, daktari akasema tubaki hapohapo wiki mbili zaidi kabla ya kupanda. Tukapanda hadi vitatu, miligramu 1500, na hapo ndipo tumekaa. Nimeharisha mara moja tu katika mwezi ule wa kwanza, Jumapili, nyumbani. Ladha ya chuma iliisha kabisa. Gesi ilibaki kwa muda kisha nayo ikapungua, sikumbuki hata ilikoma lini.

HbA1c baada ya miezi mitatu ilisoma 7.9. Baada ya miezi sita 7.1. Ya mwisho kupima ilikuwa 6.8, lakini sitaki kukipa kidonge sifa yote: tangu tumbo litulie nilianza kula kwa saa zinazoeleweka na kutembea dakika 40 siku za mapumziko. Ni vigumu kutembea ukiwa unahesabu umbali wa choo.

Kuna mambo matatu ya kidonge hiki ambayo hakuna aliyenieleza mapema, na ningependa mwingine ayajue.

La kwanza, ni kikubwa na hakivunjwi. Ukikikata au kukitafuna umeharibu ule ujanja wa kuachia polepole, dawa yote inamwagika kwa pamoja na unarudi ulikotoka. Mke wangu alianza kunipasulia kwa huruma, akiona navimeza kwa shida, hadi tuliposoma karatasi ya ndani ya boksi. Sasa nameza kimoja kimoja na maji mengi, nimesimama. Vidonge vya viwanda vingine pia vina harufu kidogo kama ya samaki boksi likifunguliwa. Haimaanishi vimeoza.

La pili lilinitisha. Wiki ya pili niliona kwenye choo kitu cheupe, laini, chenye umbo la kidonge changu kabisa. Nikajua dawa inapita bila kufanya kazi, nikataka kumeza kingine. Bahati nzuri nilipiga simu kwanza. Ni ganda tupu. Dawa imeshatoka, jeli ndiyo inayobaki, na kwa baadhi ya watu hutoka ikiwa na umbo lake. Usimeze kingine.

La tatu ni herufi kwenye boksi. Mwaka juzi duka moja la dawa lilinipa metformini 500 ya kawaida badala ya ile ya XR. Muuzaji aliona jina ni lilelile akaona hakuna tofauti, na mimi nilikuwa na haraka. Siku ya pili jioni tumbo likanikumbusha yote. Nilidhani mwili umeikataa dawa hatimaye, nikakaa na huzuni usiku mzima, hadi mke wangu alipoleta boksi jipya na la zamani akayaweka sambamba mezani. Herufi mbili tu zilikosekana. Tangu siku hiyo nabeba boksi tupu kila niendapo kununua na kulilinganisha kabla sijatoka mlangoni.

Mwaka wa nne wa metformini kwa jumla, miguu ilianza kupata ganzi. Usiku nyayo zikiwaka, asubuhi vidole kama si vyangu. Kila niliyemwambia alisema hiyo ni sukari imekula mishipa. Inawezekana sana, kisukari kweli huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Lakini safari hii sikunyamaza, na daktari akaagiza kipimo cha vitamini B12. Ilikuwa chini. Metformini ikitumiwa miaka mingi, na hasa kwa dozi kubwa, huzuia utumbo kufyonza vitamini hiyo, na upungufu wake huleta ganzi inayofanana kabisa na ile ya kisukari. Ukiiita sukari tu, mishipa inaendelea kufa huku tiba ipo. Nilichomwa sindano za B12, kisha nikahamia vidonge. Miguu imerudi kwa kiasi kikubwa, si yote; vidole viwili vya mguu wa kushoto bado ni vizito. Kuachia polepole hakukulindi na hili. Kama umemeza metformini ya aina yoyote kwa miaka kadhaa, omba kupimwa B12 hata kama hujisikii chochote, na kama unaendesha gari ujue kwamba mguu usiohisi pedali ni hatari kama macho yasiyoona.

Kuhusu figo nataka niseme taratibu, maana hapa ndipo watu wengi wanaacha dawa. Abiria mmoja mtu mzima alikaa kiti cha mbele, akaniona natoa boksi, akaniambia, "Mwanangu, achana na hivyo, vinaua figo. Tumia mimea." Nilimheshimu kwa umri wake sikubishana. Lakini nililipeleka swali kliniki. Metformini haili figo. Figo ndizo zinazoitoa mwilini, kwa mkojo, ikiwa haijabadilika. Kwa hiyo figo zikidhoofika dawa hurundikana, na ikirundikana sana inaweza kuleta asidi ya laktiki kwenye damu, jambo la nadra lakini la kuua. Ndiyo sababu hupimwa kile kiwango cha uchujaji wa figo: kikishuka chini ya 45 dozi hutazamwa upya, chini ya 30 dawa husimamishwa. Ndiyo sababu pia ukitapika au kuharisha sana kwa ugonjwa mwingine hadi mwili unakauka, unapiga simu kuuliza kama uisimamishe kwa muda, na ukienda kupigwa picha ya kuchomwa dawa ya rangi mshipani unawaambia kwanza. Pombe nyingi nayo huongeza hatari hiyo. Mimi hupimwa figo kila mwaka na hadi sasa ziko salama.

Na ile hoja ya mimea ilinifundisha kitu. Historia ya metformini yenyewe inaanzia kwenye mmea, Galega officinalis, uliotumiwa Ulaya tangu zamani. Wanakemia waliitengeneza metformini huko Dublin mwaka 1922, ikakaa karibu imesahauliwa, hadi daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha mwaka 1957 habari za kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Marekani iliiruhusu miaka mingi baadaye, 1994. Miaka minne baada ya hapo, utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba wagonjwa wenye uzito mkubwa waliopewa metformini walipata mashambulizi machache ya moyo kuliko waliotegemea lishe peke yake. Baba yangu alikufa kwa moyo. Nikiwa na sababu moja tu ya kuivumilia dawa hii kuliko kuikimbia, ingekuwa hiyo.

Ila si kila mtu itamkalia, hata ile ya polepole. Dada yangu ilimshinda kabisa, alijaribu miezi mitatu kwa uaminifu, akahamishiwa sitagliptini. Haimsumbui tumbo, haimshushi sukari ghafla, kidonge kidogo mara moja kwa siku. Lakini haishushi sukari kwa nguvu kama metformini, na yeye alilazimika kuongeza kitu kingine baada ya mwaka. Shemeji yangu yuko kwenye empagliflozini, inayotoa sukari kwa njia ya mkojo. Ana moyo dhaifu, na kwake ilichaguliwa hasa kwa faida ya moyo na figo. Anakojoa mara kwa mara na alipata fangasi sehemu za siri mara mbili. Daktari aliniuliza kama naitaka, nikafikiria saa tisa bila choo, nikamwambia bado. Nilimwambia na sababu, safari hii bila kuona haya. Shemeji huyo pia ameonywa asiimeze siku anazoumwa na hali chakula, kwa kuwa inaweza kuleta asidi ya ketoni hata kipimo cha sukari kikionekana cha kawaida.

Dereva mwenzangu anajichoma semaglutidi mara moja kwa wiki. Uzito umeshuka vizuri, sukari pia, ila wiki za mwanzo alikuwa anatapika, na yeye naye amejifunza kupanda dozi polepole. Kama daktari wako atasema unahitaji dawa ya kundi moja na glibenklamidi, muulize kuhusu gliklazidi. Nayo hushusha sukari, lakini hatari ya kuporomoka ni ndogo zaidi. Insulini sijaihitaji. Sikuwahi kuiona kama adhabu, na siku ikifika nitaichoma.

Kidonge hiki nakipa nyota nne. Nyota moja naiondoa kwa ukubwa wake, kwa B12, na kwa mkanganyiko wa herufi zinazotofautiana kati ya kiwanda na kiwanda hadi mgonjwa anabeba boksi tupu mfukoni kujilinda. Kwa tumbo ningekipa tano.

Konda wangu bado ni yuleyule. Mwezi uliopita tukiwa tunasubiri abiria alikaa karibu yangu, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia kwamba baba yake amegunduliwa na sukari na ameacha dawa bila kusema kwa nini. Nilimuuliza kwa utani kama "basi" la baba yake lina choo. Akacheka kidogo, akasema mzee wake ni mlinzi wa lango, hukaa saa nne nne bila ruhusa ya kuondoka. Nikampa namba yangu ampelekee, na nikamwambia mimi ndiye nitakayemuuliza kuhusu tumbo, wanaume wawili wa rika moja. Mzee wake alipiga simu jioni ileile. Ijumaa hii anakwenda kliniki.